Nani aliwaambia kwamba kazi hununuliwa?



Kuna neno linalozunguka katika miji yetu, toka Lubumbashi mpaka Kolwezi, toka Kalemie mpaka Uvira, Bukavu na Bunia. Linasemwa penye kuuzwa pombe, linasemwa mbele ya kanisa baada ya Misa, linasemwa hata nyumbani wakati wa kula, watoto wakisikiliza. Neno lenyewe ni hili: «Kazi haipatikani kwa kujua kazi. Kazi hupatikana kwa feza au kwa ndugu. Maulizo ya kazi ni mchezo tu. Jina la mtu limekwisha kuandikwa.»

Sisi twasema: neno hilo ni nusu ya kweli, na nusu ya kweli hudhuru kuliko uwongo mzima. Uwongo mzima hutambuliwa upesi na kufukuzwa. Nusu ya kweli hupewa kiti, hukaa siku nyingi, na mwishowe watoto wa nyumba hiyo huishika kama mafundisho.

Tunataka kulipinga neno hilo waziwazi. Si kwa sababu twadhani kwamba nchi yetu haina rushwa. Nani angetusadiki? Tunalipinga kwa sababu linawafundisha vijana kukaa bure, na kwa sababu linawanenepesha wale wanaouza kazi.

1. Tukubali yaliyo kweli

Ndiyo, kazi nyingine huuzwa. Kuna mabiro ambamo karani haiweki barua ya kijana pamoja na nyingine mpaka apewe matabishi. Kuna watu wanaojiita wasaidizi, wanaozunguka karibu na migodi, wakidai mshahara wote wa mwezi wa kwanza ili waandike jina la mtu. Kuna wakubwa wanaobandika tangazo ukutani Ijumaa jioni na kulitoa Jumatatu asubuhi, ili asilione mtu isipokuwa mpwa wao. Ndiyo maana kila kijana anatafuta «mwamvuli», yaani mtu mkubwa wa kumfunika.

Tena kuna jambo lililo baya kuliko feza. Wakati wa ugonjwa wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, kati ya mwaka 2018 na 2020, watu wengi walihitajiwa kwa kazi za kila namna: kufua, kupika, kuendesha magari, kuwatembelea wagonjwa. Baadaye tume ya kuchunguza, iliyowekwa na Shirika la Afya Ulimwenguni lenyewe, ilitoa ripoti yake tarehe 28 Septemba 2021. Tume ilihesabu watu 83 walioshitakiwa kwamba waliwatumia vibaya wanawake, na 21 kati yao walikuwa wafanyakazi wa Shirika hilo. Wanawake wengi walieleza kwamba waliahidiwa kazi, au walitishwa kufukuzwa kazini, wasipokubali kulala na mkubwa.

Basi hatufumbi macho. Lakini tazameni namna watu wanavyofikiri. Wanasema: «Kazi nyingine huuzwa.» Kweli. Halafu wanaongeza: «Kwa hiyo kazi zote huuzwa.» Si kweli. Halafu wanamaliza: «Kwa hiyo kujitayarisha ni bure.» Hapo ndipo mwizi anaposhangilia.

2. Nani anamsaidia mwuza-kazi?

Tuchukue mfano. Mahali pa kazi ni pamoja, nao watu sita wameitwa kuulizwa. Wa kwanza hajui hata kampuni ile inafanya kazi gani. Wa pili aliinakili barua ya rafiki yake, akasahau kufuta jina la kampuni nyingine. Wa tatu amechelewa. Wa nne anajibu kila swali kwa maneno yale yale: «Nitafanya kazi yoyote mtakayonipa.» Wa tano anaeleza tabu zake, kodi ya nyumba na watoto wake. Wa sita ni mpwa wa mkubwa, naye hajui kitu vilevile.

Mkubwa atamchukua nani? Atamchukua mpwa wake, wala hataona haya. Atawaambia wenzake: «Wote ni sawa. Heri huyu ninayemjua.» Nani aliyemwekea maneno hayo kinywani? Ni wale watano! Walisema maulizo ni mchezo, wakaja kama watu waendao mchezoni. Ndiyo, walionewa; lakini walimpunguzia mwenye kuwaonea kazi yake.

Sasa tuseme kwamba mmoja wa wale watano alijitayarisha. Anaijua kazi, anajibu polepole na vizuri, anatoa mifano ya yale aliyoyafanya. Mara nyingi mkubwa hayuko peke yake. Huwa pamoja na wawili au watatu wanaouliza. Akitaka kumtupa huyu na kumchukua mpwa, itampasa afanye hivyo mbele ya mashahidi. Pengine atafanya. Hatuwadanganyi vijana: mara nyingine mtu aliyejitayarisha vizuri hukosa, na asiyejua kitu hupata. Lakini mwizi aliyezoea kuiba gizani, ukimlazimisha kuiba mchana, hataiba mara nyingi kama zamani. Tena mmoja wa wale waliokaa pale atalikumbuka jina la kijana huyo siku atakapohitaji mtu.

Kwa hiyo twasema: kujitayarisha ni njia ya kupata mshahara, tena ni njia ya kupigana na rushwa, nayo haimgharimu maskini hata franka moja ya matabishi.

3. Babu alipimwa kifua, mjukuu anaulizwa akili

Wasomaji wetu wa Katanga wakumbuke habari za zamani. Union Minière iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 ikawekwa Bourse du Travail du Katanga, ndiyo iliyotuma watu vijijini kuwatafutia wachimbaji. Je, walitafuta nini kwa mwanamume? Walitazama mabega. Daktari alipima kifua na uzito. Hakuna aliyemwambia: «Keti, baba. Tueleze unajua nini. Ungefanyaje jambo hili likitokea?»

Baadaye kampuni ilijenga nyumba, hospitali na masomo, ikagawa posho. Wazee wakasema kampuni ni baba na mama. Mtoto wa mfanyakazi alizaliwa katika hospitali ya kampuni, akasoma katika masomo ya kampuni, na alipokua akaingia kazini kwa kampuni. Mwaka 1967 Serikali ilitwaa mali ya Union Minière, na kampuni mpya ikajulikana baadaye kwa jina la Gécamines. Katika miaka ya 1980 ilitoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka. Katika miaka ya 1990 ikaanguka. Tangu mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, kila mmoja akipewa feza za mara moja tu.

Siku ile baba na mama huyo alikufa. Mlango wa kurithi kazi ya mzazi ulifungwa, na wengi wangali wamesimama mbele yake wakipiga hodi. Wanamtafuta mkubwa atakayekuwa baba mpya. Sisi tunawaambia: acheni mlango ule. Mlango uliobaki una maulizo, nayo maulizo ni heshima. Babu yako hakuulizwa neno. Wewe unaketishwa kitini, watu wanakutazama usoni, wanataka kujua akili yako na mwenendo wako. Na wewe wataka kwenda pale na kunyamaza?

4. Kujitayarisha ndiko kufanya nini?

Wengine hudhani kujitayarisha ni kuazima koti. Wengine hutafuta dawa ya kuweka chini ya ulimi. Wengine hukesha siku tatu mlimani kwa kusali, lakini tangazo la kazi hawajalisoma mpaka mwisho. Sala ni njema, nasi hatutamkataza mtu kusali. Lakini yule mtumishi aliyepewa talanta moja akaizika, hakulaumiwa kwa kukosa sala. Alilaumiwa kwa sababu hakuifanyia kazi. Basi sikilizeni yaliyo ya lazima.

Kwanza, lisome tangazo mara tatu, ukiwa na kalamu mkononi. Kila sharti lililoandikwa pale ni swali litakaloulizwa. Wakiandika kwamba wataka mtu awezaye kutunza vitabu vya ghala, watakuuliza juu ya vitabu vya ghala. Gawanya karatasi katikati: upande mmoja andika wanalotaka, upande wa pili andika jambo ulilofanya linaloonyesha kwamba waliweza. Upande wa pili ukibaki mtupu, umejua tangu leo mahali pa kujifunza.

Pili, wajue wanaokuita. Wanafanya kazi gani? Wapi? Tangu lini? Wanamhudumia nani? Mambo hayo hayafichwi. Katika parokia yako hakosi mtu anayefanya kazi pale, au aliyewahi kufanya. Nenda kamwamkie, umwulize siku ya kazi inakwendaje. Usimwombe akutajie mkubwa wa kuhongwa. Mwombe akueleze kazi. Anayetafuta kazi ya kufundisha katika masomo fulani, hata hajui masomo hayo yana madarasa mangapi, anatafuta mshahara tu, na wanaouliza watamtambua mara moja.

Tatu, ijue habari yako mwenyewe. Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Wakiambiwa «Jieleze», wanaanza na jina la babu na kijiji chake, au wanasoma tena yale yaliyokwisha kuandikwa katika karatasi zao. Tena wanajisifu kwa maneno matupu: «Mimi ni mwaminifu, mimi ni hodari, mimi napenda kazi.» Nani atasema yeye ni mvivu? Neno la kujisifu halina uzito. Jambo lililotendwa ndilo lenye uzito. Chagua mambo matano uliyoyatenda kweli. Kwa kila moja ujue kueleza maneno manne: tabu ilikuwa nini, wewe ulipaswa kufanya nini, ulifanya nini, na mwishowe ikawaje.

Kijana atasema: «Lakini sijafanya kazi bado!» Si kweli. Msichana aliyetunza feza za likelemba ya mama ishirini kwa mwaka mzima, bila franka moja kupotea, amefanya kazi ya mtunza-feza. Aliyeongoza kundi la Kiro au la Skauti, akapeleka watoto hamsini safarini na kuwarudisha wote wazima, amekwisha kuwa mkubwa wa watu. Anayemsaidia mama yake sokoni anajua bei, anajua hesabu, anajua namna ya kumtuliza mnunuzi aliyekasirika. Tena anaweza kueleza: «Mama alikuwa akiuza unga kwa mkopo, na watu hawakulipa. Nilianza kuandika majina na siku katika daftari. Baada ya miezi miwili madeni yalipungua.» Jibu la namna hiyo lina maana kuliko sifa kumi.

Nne, jizoeze kwa sauti. Kusoma kwa macho hakutoshi. Mwombe yaya wako au rafiki mwenye akili aketi mbele yako na kukuuliza: Kwa nini wataka kazi hii? Kwa nini uliacha kazi ya kwanza? Udhaifu wako ni nini? Wenzako wakigombana utafanyaje? Mkubwa akikuamuru jambo lisilo la haki, utafanyaje? Kama maulizo yatakuwa kwa Kifaransa, jizoeze kwa Kifaransa. Usitafute maneno makubwa ya kuogopesha. Sema sentensi fupi unazoziweza. Wanaouliza hupendezwa na Kifaransa chepesi kilicho safi kuliko kile kirefu kinachoangukaanguka.

Tano, tengeneza karatasi zako mapema: diploma, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, vyeti vya kazi za zamani. Peleka nakala, na karatasi zenyewe uzionyeshe tu, urudi nazo. Mtu akidai abaki na diploma yako, mkatalie kwa adabu.

Wala usiseme uwongo katika karatasi zako. Njia ya mwongo ni fupi. Diploma ya kununuliwa sokoni haijibu swali hata moja, nayo itakufukuza kazini siku utakapokuwa na nyumba na watoto.

5. Siku yenyewe

Yatosha kusema machache. Lala mapema. Toka nyumbani na mapema, maana mvua na barabara zetu twazijua. Vaa nguo safi zinazokuenea, hata zikiwa za zamani. Chukua kitambaa cha kupangusia vumbi la viatu. Mwamkie zamu mlangoni na karani kwa heshima ile ile utakayompa mkubwa. Wengi wamehukumiwa pale mlangoni bila kujua. Zima telefoni.

Ukiulizwa, sikiliza swali mpaka mwisho. Usipofahamu, omba walirudie, si aibu. Usipojua, sema: «Hilo silijui bado, lakini ningeuliza mahali fulani, ningefanya hivi na hivi.» Anayekiri kwamba hajui hufundishika. Anayejidai anajua huvunja mashine na hukosea dawa.

Usilie umaskini. Twajua una tabu. Wote waliokaa kwenye baraza wakingoja wana tabu. Lakini kazi si sadaka ya maskini. Mwenye hospitali anatafuta mtu atakayeamka usiku kumtazama mgonjwa. Mwonyeshe kwamba wewe ndiye.

Usimseme vibaya patroni wako wa zamani, hata kama alikudhulumu. Sema kwa kifupi kilichokuondoa, upite. Wakikuuliza juu ya mshahara, usiseme «chochote kile». Uwe umekwisha kuuliza watu wa kazi hiyo hulipwa kiasi gani, ujibu bila haya. Nao wakikuuliza kama una swali, uwe nalo: kazi itaanza lini, nani atanifundisha, mtaona kwa alama gani kwamba nafanya vizuri? Asiye na swali huonekana kama mtu asiye na haja na kazi.

6. Anayenunua kazi ananunua nini?

Sasa tuwageukie wale wanaosema: «Maneno hayo ni mazuri, lakini mimi nitauza shamba la baba nilipe, nipate kazi, nistarehe.» Ngojeni kidogo tuhesabu pamoja.

Mtu aliyenunua mahali pake pa kazi anaingia na deni. Atalilipa kwa nini? Mshahara hautoshi. Kwa hiyo mwuguzi aliyenunua kazi atauza dawa zilizopaswa kutolewa bure. Mwalimu aliyenunua kazi atauza pointi za mitihani. Karani aliyenunua kazi atamdai matabishi mjane anayeomba karatasi. Si kwamba walizaliwa wabaya, deni linawasukuma. Tena wao wenyewe hawana salama, maana mkubwa aliyemwuzia mmoja atamwuzia mwingine kesho, akipata anayelipa zaidi. Na watamshitaki kwa nani? Sheria ya tarehe 29 Machi 2005 inaadhibu rushwa, naye mtoaji amo katika kosa pamoja na mpokeaji. Mnunuzi amejifunga kinywa kwa mkono wake mwenyewe.

Mkumbukeni Floribert Bwana Chui. Alizaliwa Goma mwaka 1981. Alifanya kazi ya Serikali katika ofisi ya kukagua bidhaa mpakani. Walimletea feza ili aviache vyakula vilivyooza vipite, viuzwe kwa watu. Akakataa. Mwaka 2007 walimteka na kumwua. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenye heri kule Roma.

Sisi twauliza swali moja tu: mtu aliyenunua kiti chake angewezaje kukataa feza siku ile? Angekuwa na deni la kulipa, na mkubwa wa kumgawia. Watoto wangekula mchele uliooza. Kijana wa parokia, ukiambiwa «lipa kidogo upate kazi», ujue kwamba wanachokuuliza ni kama utaweza kukataa kesho.

7. Kwa wale wanaouliza

Hatutawaachia wakubwa waende zao salama. Wengi wao ni Wakristu wenzetu, tunawaona kanisani Jumapili. Tena wengine wanaongoza masomo na hospitali zinazoitwa zetu. Kwao nako tumesikia maneno kama haya: «Mchukueni huyu, ni mtoto wa katekista.» Mtoto wa katekista asikatazwe, lakini naye aulizwe kama wengine.

Namna ya kuuliza kwa haki si fumbo. Wataalamu Frank Schmidt na John Hunter waliyakusanya machunguzi mengi mwaka 1998, na Paul Sackett na wenzake wakayapima upya mwaka 2022. Wote waliona kwamba maulizo yaliyopangwa, yaani kila mtu kuulizwa maswali yale yale na kupimwa kwa kipimo kimoja, huonyesha mfanyakazi mwema kuliko mazungumzo ya hivi hivi. Basi fanyeni hivyo. Andikeni maswali kabla ya siku. Waulizaji wawe zaidi ya mmoja, na mwanamke asikosekane kati yao. Kila mmoja aandike pointi zake kabla ya kusikia za mwenzake. Mwenye ndugu kati ya walioitwa atoke nje. Tangazo libaki ukutani siku za kutosha, tena lipelekwe Onem, ofisi ya Taifa ya kazi iliyowekwa mwaka 2002. Naye aliyekosa apewe jibu, asiachwe kungoja miezi mitatu akitazama telefoni yake.

Msimwulize msichana ataolewa lini wala atazaa lini. Msimwite jioni, wala hotelini, wala peke yake. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 inamwadhibu mkubwa anayetumia cheo chake kumsumbua mtu kwa tamaa ya mwili. Nanyi wasichana, mkiitwa mahali pa namna hiyo, msiende. Na mkiambiwa neno hilo, mwambieni mama, mwambieni mtu mzima wa kuaminika, wala msikae na aibu isiyo yenu. Aibu ni yake.

8. Kwa wazazi

Wazazi wapenzi, tunajua kwamba mnauza mbuzi na mashamba si kwa ubaya, bali kwa kuwapenda watoto. Lakini mnapomlipia mtoto kazi, mnamwambia neno moja kubwa: «Mwanangu, wewe mwenyewe huna bei.» Atalisikia neno hilo maisha yake yote.

Feza ile ya matabishi inatosha kumlipia mafundisho ya miezi kadhaa: kuandika kwa kompyuta, kuendesha gari, kushona, kulehemu. Maarifa hayo hakuna mkubwa awezaye kuyatoa na kumpa mwingine. Na jioni, badala ya kurudia mbele ya watoto neno lile la kwamba kazi hununuliwa, mketisheni kijana kitini, ninyi mkae upande wa pili wa meza, mmwulize: «Kwa nini tukuchukue wewe?» Mara ya kwanza atacheka. Mara ya pili atababaika. Mara ya tano atajibu.

Nanyi mnaokuja kwa padri kuomba barua ya kuwasukuma, ombeni barua ya kweli: kwamba padri anawajua, na yale aliyowaona mkitenda. Barua hiyo ni haki yenu. Lakini msimwombe aandike juu ya kazi asiyoijua, wala msimgeuze kuwa mwamvuli. Mwamvuli hufunika mmoja, wengine wananyeshewa.

Vijana, haki katika kazi haitashuka siku moja kutoka Kinshasa. Itaanza siku ile watu sita watakapoitwa, na wote sita waje wakiijua kazi, wote sita wamekataa kulipa. Siku ile mwuza-kazi atakosa mnunuzi. Basi tangazo liko ukutani. Nendeni mkalisome mpaka mwisho.